Barua ya wazi kutoka Goma kwa waliolipua mlima wa Mordor

Kwa Bwana J. D. Payne na Bwana Patrick McKay, pamoja na wote wenye kauli juu ya tamthilia ya The Lord of the Rings: The Rings of Power huko Amazon.

Waheshimiwa,

Hodi. Huku kwetu mgeni mwenye neno zito halitoi akiwa bado amesimama mlangoni. Anapewa kiti, anaulizwa hali ya nyumbani, anapewa hata maji, ndipo anakohoa na kusema kilichomleta. Basi nichukulie kwamba nimeketi. Ninaandika kutoka Goma, mashariki ya Kongo, mji uliobanwa kati ya Ziwa Kivu na mlima Nyiragongo. Mlima huo una mita 3,470, na kileleni una shimo ambalo kwa miaka mingi limekuwa likibeba ziwa la lava. Usiku, lava ikipanda, mawingu yanayopita juu yake huiva yakawa mekundu kama makaa yaliyopulizwa. Mji huu umepitia mengine mengi tangu Januari 2025, na hayo yana barua zake. Ya leo inahusu mlima wenu, si wetu, ingawa mtaona jinsi hiyo miwili ilivyogongana sebuleni kwa shangazi yangu.

Msimu wa kwanza tuliutazama mwaka 2022, sehemu nane, kuanzia Septemba hadi katikati ya Oktoba. Nyumba ya shangazi iko Majengo: mbao juu, mawe meusi ya volkano chini, bati lililopakwa lami palipotoboka. Flashi ilifika kila wiki mkononi mwa kijana mmoja. Alikoitoa msiniulize, nami sitawauliza kama ni kweli mlinunua haki za kitabu kwa dola milioni 250 kama magazeti yalivyoandika. Sauti ilikuwa ya Kifaransa. Umeme ukikatika tulihamia kwenye betri ya gari, na betri ikilegea, wanaume wawili walitumwa kuazima nyingine huku sisi tukishika kikao.

Watu wa kikao chenyewe ni hawa. Mwalimu mstaafu wa Kifaransa, aliyekisoma chote kitabu cha Tolkien, mwenye kuitunga hadithi hii, enzi za Mobutu, pamoja na vile viambatisho vya mwisho ambavyo wasomaji wengi huviruka. Fundi wa kuchomelea kutoka Birere, ambaye hajawahi kufungua kitabu cha aina hiyo na ndiye aliyepatia kuliko sote. Motari mmoja, dereva wa pikipiki ya abiria, mwenye sauti. Mdogo wangu wa kike, anayesoma sayansi. Watoto wa jirani wasiohesabika, nusu ndani nusu mlangoni. Na shangazi mwenyewe, aliyekaa akiipa televisheni mgongo, akichambua maharagwe kwenye sinia. Katika sehemu zote nane aligeuka mara moja tu, na hilo nitalisema mwisho.

Kwa wiki zile hatukuwa na jambo jingine ila moja: Sauron, adui mkuu wa hadithi aliyejificha kwa sura nyingine, ni nani? Mlimficha vizuri, hilo nawapa. Motari alishika kwamba ni yule Mgeni aliyeanguka kutoka mbinguni ndani ya mpira wa moto. "Mutu anaanguka na moto, na ule moto hauchome! Unataka alama gani ingine?" Mdogo wangu alisema ni Adar, maana mtu anayeitwa baba na maorki, wale viumbe wa giza, hawezi kuwa mtu mdogo. Mwalimu aliwacheka wote wawili, akasema wasubiri, kwa ile namna ya walimu ambao na wao hawajui. Kisha yule msafiri Halbrand alipofika kisiwa cha Númenor akaanza kuzungukazunguka kwenye karakana za wahunzi akitafuta kazi, fundi akasema polepole, bila kuondoa macho kwenye kioo: "Ni ule."

Tukamuuliza amejuaje.

"Muangalie vile anaangalia. Mutu mwenye kutafuta kazi anaangaliaka boss. Ule anaangalia moto."

Tulimcheka, tukamwekea soda tatu rehani. Oktoba 14 sehemu ya nane ilipofika, na Galadriel, yule shujaa wa Elfi, watu wasiokufa kwa uzee, akagundua ni nani aliyemwokota baharini, fundi hakushangilia hata kidogo. Alinyoosha mkono akadai soda zake. Ndipo mwalimu akakumbuka, kwa kuchelewa, kwamba katika maandishi ya Tolkien Sauron alianza kama mtumishi wa Aulë, bwana wa wahunzi wote. Fundi hakulijua hilo. Aliwajua watu wa karakana tu. Nawasimulia haya ili mjue ni macho ya namna gani yanayowatazama, mkidhani labda huku watu wanaangalia mapanga na farasi kisha wanakwenda kulala.

Na si kwamba tunapatia kila mara. Msimu wa pili, 2024, mlipobadili mwigizaji wa Adar, Joseph Mawle akampisha Sam Hazeldine, sebule ilipasuka. Motari alishikilia kwa wiki mbili kwamba sura imebadilika kwa kuwa Sauron amemwingia ndani. Alikuwa na ushahidi: dakika, pembe za masikio, hata namna ya kushika upanga. Nadharia nzima ilijengwa juu ya mwigizaji mmoja kuondoka. Alipoelezwa, alikataa kuiacha. Alisema yake ina maana kuliko sababu yenu, na mimi sina hakika kama alikosea.

Sasa niyajie malalamiko, nianze na lile dogo. Celebrimbor ni mjukuu wa Fëanor, mhunzi mkuu kati ya Elfi walio hai. Anakaa na kipande cha mithril, madini adimu ya hadithi hiyo, kisichotosha kitu, ameshika kichwa, mpaka Halbrand aliyeletwa na jeraha tumboni aje amnong'oneze habari ya kuchanganya metali. Fundi alicheka hadi akatoka nje kupumua. Pale Birere kuna vijana wanaoyeyusha pistoni na vyuma vingine chakavu vya magari wakasubu sufuria. Ukimwendea mmoja wao ukamshauri achanganye metali, atakuuliza ulidhani tangu asubuhi anafanya nini. Katanga huko kusini, watu walikuwa wakisubu shaba kuwa misalaba ya biashara karne nyingi kabla Mbelgiji wa kwanza hajatia mguu. Hatudanganyiki kwa mambo ya tanuri. Tulielewa mlichotaka, kwamba Sauron awe na neno ambalo Elfi hawana. Basi mngempa neno la kweli la wahunzi: joto liwe kiasi gani, usubiri rangi ipi, umimine lini. Hizo ndizo siri ambazo fundi hamwambii hata mwanafunzi wake mpaka amwamini.

Merikebu tatu za Númenor zilizoshusha farasi wengi kuliko zinavyoonekana kubeba, na jinsi wapanda farasi hao walivyokipata kijiji kilekile asubuhi ileile katika nchi nzima wasiyoijua, hayo nayaruka. Motari alihesabu farasi, mimi nikamwambia anyamaze. Mambo ya vikombe nayo siyataki. Mei 2019 wenzenu wa Game of Thrones walisahau kikombe cha kahawa mezani mbele ya malkia Daenerys, dunia ikacheka, na baada ya siku mbili wakakifuta kwa kompyuta. Kosa kama lile ni la mtu mwenye usingizi aliyesahau kikombe chake. Hata sisi tuna picha za harusi ambamo nyuma ya bibi arusi kuna ndoo ya deki. Lakini ninalolijia mimi hakulisahau mtu. Lilipangwa, likalipiwa, likatungiwa muziki.

Sehemu ya sita, iliyotoka Septemba 30. Waldreg, mwanakijiji msaliti, anauchomeka upanga uliovunjika kama ufunguo, bwawa linafunguka, maji yanakimbia ndani ya mifereji ambayo maorki wameichimba nchi nzima, yanaingia tumboni mwa Orodruin, na mlima unalipuka. Hapo watoto wa jirani walibisha: maji yanazimaka moto, yanauwashaje? Mdogo wangu alisimama mbele ya televisheni akawaeleza, kwa sufuria na mafuta ya moto, hadi wakanyamaza. Maji yakikutana ghafla na mawe yaliyoyeyuka hugeuka mvuke na kutanuka zaidi ya mara elfu, na mvuke ukikosa pa kutokea unapasua kila kilichoufunika. Kwa hiyo wazo lenyewe nalitetea. Tena sisi tumeliogopa katika maisha halisi. Januari 17, 2002, lava ilikata katikati ya mji huu ikaenda hadi ziwani. Mimi nilikuwa mtoto, tumekimbilia Gisenyi ng'ambo ya mpaka, na wakubwa walikuwa wakizungumza kwa kunong'ona, maana maji ya chini ya Kivu yamebeba gesi: kilomita za ujazo kama 300 za kaboni dioksidi na kama 60 za methani. Moto uliingia majini, ukachemka pembeni, ukazima. Ziwa likanyamaza. Kwa hiyo mkisema maji na moto, tunawasikiliza.

Kisha likaja wingu. Mlima umepasuka, mawe yanaanguka kama mizinga, halafu ukuta wa majivu na moto unateremka ukimeza miti, nyumba, watu. Galadriel anasimama katikati ya kijiji akilitazama. Hakimbii. Linamfunika. Sehemu inakwisha.

Mwalimu alivua miwani. Hakuna aliyezungumza mpaka fundi akazima betri.

Wiki iliyofuata ilikuwa ya swali moja: atapona vipi? Kwa sababu kupona tulijua atapona, bado ana vitabu vitatu vya kuishi. Nadharia zilikuwa nyingi, nyingine za aibu, lakini moja ya fundi ilitushika sote. Alisema: Halbrand ndiye Sauron, yupo palepale kijijini, na moto ni wa kwake. Yeye ndiye amemkinga, kwa siri, na siku moja atamdai deni hilo. Tuliipenda. Ilieleza wingu, ilieleza Galadriel, ilieleza hata kwa nini Halbrand alikuwa akimtazama vile. Tulingoja Oktoba 7 tukiwa na hakika.

Oktoba 7 ikafika. Galadriel anafumbua jicho. Ana majivu usoni, kama mtu aliyetoka kusaga unga. Anasimama. Nywele zake zote zipo. Anatembea. Na Theo, mtoto wa binadamu mwenye damu na nyama, yupo hai vilevile, na wote wawili wanashika njia wakiongea mambo ya mioyo yao. Hakuna aliyeuliza. Hata nyinyi hamkuuliza.

Waheshimiwa, wingu la namna ile ni gesi na majivu yenye joto la mamia ya digrii, linaloshuka kwa mwendo ambao gari kwenye barabara nzuri haliufikii. Mei 8, 1902, katika kisiwa cha Martinique, wingu kama hilo lilishuka kutoka mlima Pelée likaua karibu mji mzima wa Saint-Pierre kwa dakika chache, watu kama 28,000. Mmoja wa wachache waliopona alikuwa mfungwa, ndani ya selo ya mawe mazito, na hata yeye alitoka na majeraha ya moto. Selo ya mawe. Galadriel alikuwa na nguo za vita.

Mtu ataniambia Nyiragongo haifanyi mawingu ya namna hiyo. Kweli. Lava ya kwetu ni nyepesi, inatiririka. Januari 10, 1977, ziwa lote la kileleni lilitoboka ubavuni mwa mlima likamwagika kwa muda usiofika saa moja, likaenda haraka kuliko miguu ya waliokuwa chini. Sidai utaalamu wa mawingu. Ninachokijua ni joto.

Jumamosi ya Mei 22, 2021, kama saa moja jioni, shangazi alikuwa uani akiosha vyombo. Aliuona mlima kwanza ndani ya beseni. Maji ya sabuni yaligeuka mekundu, akadhani amejikata kidole, akautoa mkono kuuangalia. Ndipo akainua macho. Kaskazini kote kulikuwa kumewaka. Umeme ukakatika, na ajabu ni kwamba tuliendelea kuonana nyuso. Watu wakajaa barabarani na magodoro kichwani, chukudu, zile baiskeli zetu za mbao, zimepakiwa watoto na masufuria, wengine wanakwenda mpakani, wengine upande wa Sake, kila mmoja akimuuliza mwenzake swali ambalo mwenzake naye alikuwa analo. Lava haikunguruma kama katika filamu. Ilikuwa inalia kwa kukwaruza, kama magunzi makavu yakimwagwa kutoka guniani, bila kuacha.

Ilisimama Buhene, kabla ya kuufikia uwanja wa ndege. Ilikuwa imeua watu kama thelathini na kuharibu nyumba zaidi ya 3,000. Baadhi ya waliokufa hawakuguswa na lava kabisa. Walijaribu kuivuka ikiwa inapoa, na hewa iliyokuwa juu yake ikawamaliza. Jumatatu nilikwenda kuiona. Juu ilikuwa nyeusi, imekunjamana kama ngozi ya maziwa yaliyochemshwa, mtu angesema imelala. Nilichomeka kijiti kwenye ufa, kikawaka kama kiberiti. Nilipogeuka kuondoka, kandambili moja ilibaki nyuma, soli imelainika imeshika mwamba. Iko huko hadi leo, nadhani, imekuwa sehemu ya jiwe. Hiyo ilikuwa lava yenye siku mbili. Kisha ardhi ikaendelea kutetemeka, na alfajiri ya Mei 27 tukaamriwa kuhama, mitaa kumi kati ya kumi na minane ya mji, tukatembea hadi Sake mvua ikitunyeshea.

Kwa hiyo mjue, Galadriel alipojipangusa majivu, sisi wengine tulijiangalia miguuni.

Watetezi wenu wapo, hata sebuleni. Motari alisema jambo ni rahisi: yule ni Elfi, Elfi hafi. Hapo mwalimu aliinuka, akaenda kwake mitaa miwili, akarudi na kitabu kilichofunikwa kwa gazeti. Akatusomea mahali Isildur alipoandika juu ya pete na juu ya mkono wa Sauron, mweusi lakini unaochoma kama moto, na kwamba joto la mkono ule ndilo lililomwangamiza Gil-galad. Gil-galad! Mfalme mkuu wa Elfi, huyohuyo mliye naye kwenye tamthilia, mwenye majoho ya dhahabu. Joto la kiganja kimoja lilimuua. "Sasa," mwalimu akauliza akifunga kitabu, "mlima mzima umeshindwa na nini?" Motari hakujibu. Aliomba maharagwe yakiiva aitwe.

Nasikia mtu akisema ni hadithi tu, ina mazimwi na pete, volkano ya kweli ya nini. Lakini hadithi ya mazimwi ndiyo inayohitaji moto wa kweli. Mchawi anaweza kuwa na nguvu yoyote mnayompa, mradi mtuambie ni nguvu gani. Mlima hamkuupa nguvu yoyote. Na mnajua kwamba moto una bei, maana katika sehemu hiyohiyo ya Oktoba 7 malkia Míriel wa Númenor anaingia nyumba inayoungua kuokoa watu, inawaangukia, anatoka haoni tena. Tulimlilia. Ontamo, kijana mcheshi, mlimlaza majivuni macho wazi. Ila kwenu boriti moja inayowaka ilifanya kazi kuliko Orodruin nzima.

Kuna mliyoyapata, nayo niyaseme, nisije nikaonekana nimekuja kutukana. Rangi. Ile hewa nyekundu ya asubuhi ya baadaye, jua likiwa limegeuka kama kidonda, mtu anamwita mwenzake na sauti haifiki: nani aliwaambia? Mdogo wangu alipoiona alinishika mkono, na yeye si mtu wa kushikana mikono. Na mlipoandika jina la nchi kwenye kioo kisha likaungua likawa Mordor, wenye kitabu walicheka wakasema mnatufundisha kama darasa la nne. Mimi sikucheka. Nilizaliwa Zaire, nikaanza shule Kongo, na nyumba ilikuwa ileile. Jina la mahali linaweza kweli kubadilishwa juu ya vichwa vya watu, kwa herufi kubwa, wakiwa bado wanatafuta viatu.

Hata Adar tulimwelewa zaidi kuliko mlivyokusudia, pengine. Anataka nchi ambayo watoto wake hawatafukuzwa. Kulikuwa na mama mmoja mlangoni, aliyewahi kukaa kambi ya Mugunga, akasema ule naye ana haki, shida yake ni majirani aliowachagua kuwachomea. Kikao kilikwenda hadi saa sita usiku juu ya sentensi hiyo.

Ninaloomba sasa. Mlisema tangu mwanzo hadithi hii ni ya misimu mitano, na hadi hapa sisi tumeona miwili. Lugha za Elfi mliziwekea wataalamu, waigizaji wakafundishwa matamshi mpaka mwalimu akaridhika, na haridhiki ovyo. Msimu ule wa kwanza peke yake uliripotiwa kugharimu dola zipatazo milioni 465. Kutoka humo haikukosekana nauli ya kumwita mtu mmoja aliyewahi kukimbia mlima. Hapa Goma kuna kituo cha kuchunguza volkano, kuna watu wanaosikiliza tumbo la Nyiragongo usiku na mchana, wengine wamepanda hadi kwenye mdomo wa shimo mara nyingi kuliko mlivyokwenda ofisini. Na wasipopatikana hao, kuna wauza makaa wa Kibati. Wangewaambia kwamba baada ya mlipuko watu hawazungumzi mambo ya moyoni. Wanakohoa. Wanahesabu watoto, wanahesabu tena. Wangewaambia habari ya mazuku pia, ile hewa nzito isiyoonekana inayojikusanya mabondeni ikaua mbuzi na watoto waliokwenda kucheza. Ni neno la Kiswahili chetu, na wanasayansi wa dunia nzima wanalitumia hivyohivyo lilivyo. Galadriel na Theo walipojificha msituni kulala, shangazi, mgongo bado ameugeuza, alisema bila kuacha kuchambua: "Balale yulu. Chini iko mazuku."

La pili: nadharia ya fundi tunawapa bure. Bado hamjachelewa. Katika moja ya misimu iliyobaki, Sauron na Galadriel watakapokutana tena, mtieni Sauron sentensi moja mdomoni. Amuulize: siku ile mlima ulipopasuka, ulidhani ulisimama kwa miguu yako? Basi. Kosa lenu lote la 2022 litageuka kuwa mpango wa tangu mwanzo, nasi tutaapa mbele ya watu kwamba mlijua. Fundi hadai jina lake liandikwe. Anadai soda.

La mwisho si langu, ni la shangazi. Mwanzo wa ile sehemu ya saba, Galadriel akiwa bado anayumba katika ule wekundu, farasi anapita mbele yake akikimbia, mwili mzima unawaka. Ni kitambo kidogo sana, pengine wengi hawakumwona. Shangazi alikuwa amegeuka wakati huo, sijui nini kilimgeuza, pengine mlio. Mbuzi wake wanne walikuwa kwa jamaa Buhene ile Jumamosi ya 2021, wamefungwa kamba. Aliweka sinia chini, akaangalia hadi farasi akapotea upande wa kulia, akaendelea kuangalia pale alipopotelea. Halafu akatuuliza sisi, na kwa kuwa hatukuwa na jibu aliniambia niwaandikie wenyewe: yule farasi, ni nani alimfuata?